Siku Niliyobana Mkojo Mbele ya Wakwe

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi na mbili, baba akafa kule kwetu Vudee, milimani Upareni, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa nyumbani, basi shule nikaiacha darasa la tatu nikashuka bondeni kukata mkonge. Naanza na hapo ili mnijue, msije mkasema huyu ni mzee mmoja mlevi aliyeanguka tu. Mimi si mtu wa kuanguka. Nimeanguka, ndiyo, na nimeanguka vibaya, suruali wazi, mbele ya mwanamke aliyekuwa awe mama mkwe wa mwanangu, na aibu hiyo nitazikwa nayo. Lakini bora muisikie kwangu mwenyewe, kwa sababu pale sokoni Same inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja ameongeza chumvi yake.

Huko kwenye mkonge nilikuta wanaume wa kila kabila, waliotoka Kigoma, Songea, Singida, na huko ndiko nilikojifunza kubana. Nyapara wetu hakupenda mtu atoketoke kwenye mstari. Ukienda kichakani mara ya pili anakuuliza kwa sauti mimba yako ina miezi mingapi, na wenzako wanakucheka mpaka jioni. Basi nikabana. Baadaye nikauza mitumba minadani, nikabana. Nikapata lori kuukuu la kuteremsha tangawizi kutoka Myamba, nikaliendesha mwenyewe mpaka Dar es Salaam, na niliowapakia mbele wakiomba tusimame kidogo nawaambia mwanaume anakojoa akifika. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu, msicheke, kila mtu ana yake.

Sasa, mwanangu wa mwisho, Anaeli, ni fundi wa umeme wa sola, na katika kuzunguka na kazi yake Mwanga akakutana na binti wa Ugweno anaitwa Namkunda. Binti mwenye adabu, anafundisha watoto wa chekechea, alishakuja nyumbani mara kadhaa na mke wangu alimpenda kuliko anavyonipenda mimi. Anaeli ni mtoto asiyeomba kitu. Wakubwa zake waliniomba viwanja, waliniomba mitaji, huyu aliniomba jambo moja tu maishani mwake: “Baba, naomba ukaniombee Namkunda.” Nikasema hilo limekwisha.

Tukapanda Ugweno siku ya Jumamosi, mimi, mdogo wangu, na rafiki yangu Shabani mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Same. Shabani ndiye niliyemfanya mshenga, maana ana maneno laini, maneno yangu mimi yana mawe. Tulibeba mbuzi na madumu ya dengelua, ile pombe yetu ya miwa, kwa sababu posa ya Kipare bila dengelua ni mkutano wa kijiji. Shabani hanywi, ni Mwislamu safi, yeye aliwekewa birika lake la chai. Mimi nilikunywa kwa niaba yake.

Huko juu kulikuwa na ukungu na baridi ile inayoingia magotini, na baridi, kama mnavyojua, haikai vizuri na pombe ndani ya kibofu. Tulipokelewa vizuri. Baba yake Namkunda, Mzee Nathanieli, ni mtu mpole, akatuketisha uani, tukaanza na hali za mvua na bei za tangawizi na nani amekufa, kata ya kunywea inazunguka, na mimi kila ikinifikia siiruki. Nikaanza kuusikia mkojo mapema kabisa. Nikasema moyoni, ngoja kwanza.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na nilikosa kwa sababu ya babu yangu.

Kwetu, kabla binti hajatolewa, ukoo unaulizwa. Zamani walichunguza kimya kimya, wanamtuma bibi mmoja kijijini kwenu anajidai anatafuta mbegu za maharage, kumbe anahesabu vilema vyenu. Siku hizi wanakuuliza usoni. Na babu alikuwa akisema hivi: mwanaume anayenyanyuka wakati ukoo wake unaulizwa, huyo amekimbia swali. Basi Mzee Nathanieli aliposema, “Sasa mzee mwenzangu, tuje kwenye ukoo,” mimi nilijua mlango umefungwa. Shabani akaniinamia sikioni.

“Toka kidogo, rafiki yangu. Unatikisa mguu kama cherehani.”

“Tulia,” nikamwambia.

“Mkojo haujui heshima.”

“Shabani, kunywa chai.”

Aliyekuwa anauliza ni mjomba wa binti, mzee mmoja asiye na haraka ya dunia hii. Anauliza swali moja, anapumzika, anakunywa, anafuta mdomo, anakumbuka habari ya mtu mwingine kabisa, tunacheka wote (mimi nacheka nimebana meno), ndipo anauliza jingine. Akaupitia ukoo wangu babu kwa babu. Kuna ukoma? Hakuna. Kuna uchawi? Hakuna. Mwishowe akaweka kata chini akanitazama.

“Na kifafa? Kuna mtu kwenu anayeanguka?”

“Hakuna,” nikasema, na kwa vile nilikuwa nimelewa sifa kuliko dengelua nikaongeza, “sisi hata kufa tunakufa tumesimama.”

Wakafurahi sana. Mzee Nathanieli akasema basi, kwa upande wao hakuna pingamizi, akina mama wakapiga vigelegele huko jikoni, mikono ikashikanwa, nami nikanyanyuka kwenye kigoda kwa mkupuo mmoja kama askari. Kichwa kikawa chepesi. Nikadhani ni furaha.

Choo chao kiko chini mteremkoni, baada ya zizi. Sikufika. Nyuma ya zizi kulikuwa na migomba, nikasimama hapo, nikafungua suruali, na nawaambia ukweli, raha niliyoipata hapo sijapata kuiona hata siku niliyomaliza nyumba yangu. Halafu masikio yakaanza kuvuma kama mashine ya kusindika mkonge. Migomba ikageuka myeupe. Kumbukumbu yangu inaishia hapo.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chali nina ladha ya ugali wa jana mdomoni. Ulikuwa mwiko. Kuna mtu alikuwa ananisukumia mwiko kati ya meno ili nisijing'ate ulimi, na juu yangu kulikuwa na duara la nyuso, na sauti ya mama yake Namkunda ikipiga kelele, “Msimguse! Msiguse mate yake!” Kumbe alikuwa zizini anakamua, akasikia kishindo, akatoka na kibuyu chake cha maziwa, akanikuta nilivyo. Nilivyo, mnaelewa. Mwanamke ambaye kwa mila hata kumpa mkono napaswa kuinama kidogo.

“Alikuwa anatupa mkono hivi, na hivi,” anawaonyesha wazee.

Mjomba akainama, akaitazama suruali yangu, ambayo ililowa mpaka gotini.

“Na kajikojolea,” akasema polepole. “Ndicho chenyewe.”

Sasa wenzangu, hapo nilihitaji sentensi moja tu. Nilikuwa nakojoa, nikazimia. Mtoto wa chekechea wa Namkunda angeweza kuisema. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba nilikuwa nakojolea migomba ya mkwe, na kwamba nilibana mpaka nikashindwa, na kwamba mwanaume wa Vudee ameangushwa na mkojo wake mwenyewe. Nikatoa mwiko mdomoni, nikafunga zipu, nikasema:

“Nimeteleza.”

Palikuwa pakavu kabisa. Walikuwa wametandaza majani makavu ya migomba, hata mlevi asingeteleza. Mzee Nathanieli alinipa maji ninawe, kwa heshima zote, lakini alikiweka kile kikombe chini nikiokote, hakunipa mkononi.

Tukateremka. Shabani ndiye aliyeendesha. Tulipofika barabara kuu ya lami akaniuliza, “Ulikuwa unakojoa?” Nikamwambia endesha gari.

Wiki iliyofuata nikaanguka tena, asubuhi, chooni kwangu, nimeamka tu kitandani nikaenda moja kwa moja. Safari hii nilikipiga kipaji cha uso kwenye bomba. Mke wangu akaingia akanikuta nimekaa sakafuni damu inanitoka, akanifunga kitenge kichwani, akaniuliza.

“Baba Anaeli, Ugweno nako ulikuwa unakojoa?”

“Kwani Shabani amekwambia nini?”

“Shabani hajaniambia kitu. Nimeuliza kwa kuwa nina macho.”

“Mambo ya chooni yaishie chooni.”

Alinisindikiza hospitali pale Same akabaki nje na jirani tuliyemkuta, nami nikaingia peke yangu. Daktari alikuwa binti, umri wa mjukuu wangu mkubwa. “Shikamoo babu.” “Marahaba.” Akaniuliza kwa upole, kabla ya kuanguka ulikuwa unafanya nini? Na mimi, mtu mzima mwenye bandeji kichwani, nikamjibu nilikuwa natembea. Ningemwambiaje mtoto yule? Akapima presha nimelala, akapima nimesimama, akapima sukari, akanibandika waya kifuani kupima moyo. Akarudia, babu, kumbuka vizuri, ulikuwa unakohoa, ulikuwa umetoka kula, ulikuwa chooni? Swali lenyewe kabisa, kaniwekea kiganjani. Nikasema natembea. Akashusha pumzi, akaniandikia niende Moshi nikapigwe picha ya kichwa.

Wakati mimi nahangaika na picha, habari kule Ugweno zilikuwa zinapikwa. Shabani akapigiwa simu: wazee wanaomba muda. Mnajua maana ya kuomba muda.

Moshi picha ikatoka safi. Daktari wa huko alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye kipara na maneno machache, na safari hii mke wangu alikataa kubaki nje. Daktari akauliza lile lile swali, nikavuta pumzi nijibu lile lile jibu, mke wangu akanitangulia.

“Daktari, huyu anaanguka akikojoa. Amesimama, anakojoa, anaanguka. Na mara ya kwanza, nimembana rafiki yake akaniambia, alibana tangu saa za mchana kwa kiburi.”

Nilitamani sakafu ifunguke. Yule daktari hata hakucheka. Akauliza kama nilikuwa nimekunywa pombe, kama nilinyanyuka ghafla, kama masikio yalivuma, kama macho yaliona weupe. Yote ndiyo. Akatuambia huko ni kuzimia, wala si kifafa, na wako watu wengi wa hivyo, wengine huzimia wakikohoa sana, wengine wakijikamua chooni, wengine wakimeza tonge la moto. Kwangu ni mkojo. Kibofu kikijaa sana kinavuta mishipa, ukikifungua ghafla umesimama mishipa inalegea yote, presha inashuka, damu haifiki kichwani, unaanguka. Ukishalala chini damu inarudi, unaamka.

“Lakini daktari,” nikasema, “walioniona wanasema nilikuwa natupa mkono.”

“Kichwa kikikosa damu mkono unaweza kutupwa kidogo. Niambie, ulipoamka ulijua uko wapi?”

“Nilijua.”

“Ulisema nini?”

Mke wangu akasema, “Alisema ameteleza.”

“Unaona?” daktari akasema. “Mwenye kifafa akiamka anakuwa kama mtu aliyetoka usingizi mzito, haelewi hili wala lile. Wewe uliamka na uongo uko tayari mdomoni. Hicho kichwa ni kizima.”

Hapo ndipo alipocheka, na mke wangu akacheka mpaka akatoa machozi. Dawa hakuna. Usibane. Kunywa maji, pombe punguza. Ukitoka kitandani kaa kwanza ukingoni, na ukikojoa, kojoa umekaa.

“Nimekaa?”

“Umekaa, mzee. Au uchutame. Usisimame.”

Ningekuwa na akili, siku ile ile ningepitia Mwanga, nikapanda Ugweno, nikamaliza. Tulipita Mwanga. Niliitazama njia ya kupandia mlimani ikapita dirishani. Mke wangu akanigusa begani, “Baba Anaeli, tuko hapa hapa.” Nikamwambia dereva twende.

Jioni Shabani akaja nyumbani kusikia majibu. Mke wangu akamweleza kabla sijafungua mdomo. Akafurahi yule, akapiga paja.

“Alhamdulillahi! Kesho asubuhi napanda, nawaeleza, yameisha.”

“Huwaelezi.”

“Siwaelezi nini?”

“Utawaambia hospitali imesema mimi mzima. Basi.”

“Watauliza mzima kivipi.”

“Unataka nikatangazwe Ugweno nzima kwamba baba wa bwana harusi anachutama?”

Shabani akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekataa kuvuka barabara. “Mimi nachutama tangu nina miaka saba,” akasema. “Ndivyo tulivyofundishwa. Nina watoto tisa. Kuna aliyeniuliza?”

Nikakataa. Wanatusema Wapare kwamba tunauza ng'ombe kugharamia kesi ya kuku, na siku hiyo niliona ni kweli, ila nilijiona baadaye, siyo muda ule. Muda ule nilijiona mwanaume. Shabani akapanda na ujumbe wangu kama ulivyo, mzima, basi. Akarudi na jibu la mjomba: mtu mzima haanguki, na anayeficha kidogo ana kikubwa nyuma yake.

Anaeli akanijia. Alikaa mbele yangu, akashika kofia yake mikononi.

“Baba, una nini? Niambie tu. Namkunda ananiuliza, nakosa la kumjibu.”

“Sina kitu.”

“Mama anasema nikuulize wewe.”

“Na mimi nimekujibu.”

Alisubiri. Alikaa pale akanisubiri muda mrefu, na mimi nikawasha redio. Nimefanya kazi ngumu nyingi katika maisha haya, lakini sijawahi kubana kitu kama nilivyolibana lile jibu, na halikuwa na faida hata ya chembe. Mama yake angeweza kumwambia, ndiyo, nilimlaumu baadaye kwa nini hakumwambia. Akanijibu, “Nilikuwa nakusubiri wewe uwe baba yake.”

Miezi ikaenda. Mahindi ya vuli yakavunwa. Simu za Ugweno zikakoma, nikaona Anaeli hali chakula, amekonda, anarudi kazini anapitiliza chumbani. Ndipo siku moja, baada ya kanisa, sijui ni kipi kilichonisukuma, nikamchukua Shabani bila kumwambia mtu tukapanda. Nikaomba wazee waitwe, wakaitwa, hata mjomba. Safari hii kata ilipofika niliiruka. Nikasimama pale uani, mama yake Namkunda yupo mlangoni, nikasema:

“Wakwe zangu, siku ile sikuteleza. Nilikuwa nimebana mkojo tangu mlipoanza kuniuliza ukoo, niliogopa kunyanyuka mkasema nimekimbia swali. Nikaenda nikakojoa kwenye migomba yenu nimesimama, nikazimia. Daktari kanipima, si kifafa. Kaniambia nikojoe nimekaa. Na sasa nakojoa nimekaa.”

Mjomba akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka kata ikamwagika, na wote wakacheka, hata Mama Namkunda akaziba uso kwa khanga. Mzee Nathanieli peke yake hakucheka.

“Ndiyo hilo tu?” akaniuliza.

“Ndiyo hilo tu.”

“Marehemu baba yangu alikuwa hivyo hivyo,” akasema. “Alianguka humu humu uani. Mpaka tukamwekea kigoda chenye tundu kule chooni, ndicho alichotumia mpaka anakufa.” Akatazama chini. “Mzee mwenzangu, ungesema siku ile ile. Ungesema tu. Namkunda tumeshampokelea posa ya watu wa Usangi. Wiki mbili zimepita.”

Hakuna aliyecheka tena. Mjomba akafuta mdomo akasema pole. Shabani akanishika kiwiko. Walitupa chakula, tukala, maana kukataa ni matusi, na sikumbuki tulikula nini.

Anaeli nilimwambia mwenyewe, usiku huo sikulala na kitu kifuani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana, laiti angenitukana. Alisema, “Sawa baba,” akaenda kufunga mizigo yake.

Somo lenyewe ni dogo na nawapa bure. Ukibanwa, nyanyuka. Hata kama ni baraza la ukoo, hata kama ni kanisani mchungaji ameinua mikono, nyanyuka. Na daktari akikuuliza ulikuwa unafanya nini, mwambie, hata akiwa mjukuu wako, yeye anauliza ili akutibu. Mimi sitabana tena, si mkojo wala neno, ingawa neno nimechelewa nalo. Babu yangu namheshimu, lakini kwenye hili alikosea.

Leo nina nyumba ya matofali Same mjini, vyumba sita, na choo cha kukalia nilichokijenga mwaka huu. Nina shamba la tangawizi Myamba na jingine la migomba Vudee, la baba, sijaliuza. Nina malori mawili, moja linatembea. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, mbuzi kadhaa, na pikipiki. Nina mke ambaye ameshanisamehe, au amechoka. Nina rafiki, Shabani. Na nina mtoto wa mwisho, yuko Dodoma, anafunga sola kwenye nyumba za watu. Nikimpigia anapokea. Anasema shikamoo baba, nasema marahaba, halafu tunanyamaza wote wawili mpaka salio linaisha.